Mshabiki Aliyesimama Kimya: Picha, Utani na Kumbukumbu



Mwezi wa Januari mwaka 2026, tukiwa bado katika likizo, iliingia picha ndogo katika kikundi cha WhatsApp cha walimu wenzangu, picha ya aina ile ambayo vijana wetu huiita stika. Ilimwonyesha mwanamume aliyevaa suti na miwani, amesimama wima kama mlingoti, mkono wa kulia ameuinua juu, kiganja ki wazi. Chini yake palikuwa na maneno mawili tu: "Nasubiri mshahara." Tulicheka sote. Mimi mwenyewe, nakiri, niliwapelekea rafiki zangu watatu kabla chai yangu haijapoa.

Binti yangu, ambaye yu kidato cha pili, aliichungulia simu akaniuliza, "Baba, huyu anasimamisha teksi?"

Nikamjibu kwamba huyo ni mshabiki wa mpira kutoka Kongo, naye anamwigiza Lumumba.

"Lumumba ni nani?"

Hapo kicheko kilinikauka. Mtoto huyu hupita Barabara ya Lumumba kila tuendapo mjini Kampala, na baba yake mdogo alilala miaka mitatu katika Bweni la Lumumba, Chuo Kikuu cha Makerere. Jina alilijua, mwenye jina hakumjua. Nami niliyemjua nilikuwa nimeketi kitako nikiigawa picha yake kwa kicheko bila kukumbuka hata siku moja ya maisha yake.

Makala haya yametokana na swali hilo. Nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi uso wa mshabiki ulivyogeuka kuwa picha ya kutumiana, kisha nitazame kisa cha mshabiki huyu wa Kongo, na mwisho niulize lugha yetu ina maneno gani ya kutuongoza katika jambo hili.

Mshabiki kabla ya picha

Enzi za redio mshabiki alikuwa sauti tu. Mtangazaji alieleza jinsi mpira ulivyopigwa, na nyuma yake ulisikika mngurumo wa watu wengi kama wimbi linalopiga mwamba. Msikilizaji hakuweza kumtambua hata mmoja miongoni mwao. Aliyelia alilia na jirani zake, na aliyezimia kwa furaha alipepewa na watu wa jukwaa lake. Yaliyompata yakaishia palepale.

Televisheni ilileta mabadiliko. Mwanzoni kamera ziliufuata mpira, lakini zilipoongezeka, waongozaji wa matangazo walianza kutafuta nyuso za watazamaji kila mchezo uliposimama. Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico lilirushwa kwa rangi, na tangu hapo bendera, kofia na nyuso zilizopakwa rangi zikawa sehemu ya tamasha lenyewe. Hata hivyo nyuso hizo zilipita upesi. Mtu alionekana kwa nukta mbili tatu, kisha mpira ukarudi uwanjani naye akasahauliwa.

Intaneti na simu za mkononi ziliondoa kusahauliwa huko. Sasa mtu yeyote aweza kuisimamisha picha inayopita, akaukata uso autakao, akaupachika maneno yake, na kuusambaza duniani kabla mchezo haujamalizika. Kitu hicho kina jina katika lugha za kigeni, nalo lina historia yake. Mwaka 1976 Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza, alichapisha kitabu kiitwacho The Selfish Gene. Humo alibuni neno jipya kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichoigwa, akalifupisha ili lifanane kwa sauti na neno jeni. Alikusudia kila jambo la utamaduni linalopita kutoka akili hadi akili kwa kuigwa: wimbo, msemo, mtindo wa mavazi. Miaka mingi baadaye watumiaji wa intaneti walilichukua neno hilo wakalipa picha hizi za mzaha. Sisi twaweza kulitamka mimu, tukaliingiza katika ngeli ya i-/zi- pamoja na stika: mimu hii, mimu hizi. Hakuna shida ya sarufi hapo. Shida i katika maana, kama tutakavyoona.

Nyuso mbili

Tarehe 8 Julai 2014, katika mji wa Belo Horizonte, Brazil ilicheza na Ujerumani nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ilipotimia dakika ya 29 Ujerumani ilikuwa imekwisha kufunga mabao matano, na mwisho Brazil ilishindwa 7–1 nyumbani kwake. Kamera zilimkuta jukwaani mzee mmoja mwenye masharubu na kofia pana, amekumbatia mfano wa kombe kifuani mwake kama mtu aliyekumbatia mtoto mgonjwa. Picha yake ilizunguka ulimwengu mzima ikawa sura ya huzuni ya taifa. Lakini ipo picha ya pili ya jioni ileile: mzee yuyo huyo anamkabidhi mshabiki wa Ujerumani lile kombe lake, aende nalo kwenye fainali. Aliyeona picha ya kwanza peke yake alimjua mzee anayelia. Aliyeziona zote mbili alimjua mtu muungwana. Mzee huyo alifariki dunia mwaka uliofuata.

Kisa cha pili ni cha tarehe 12 Juni 2019 katika mji wa Taunton, Uingereza. Pakistan ilikuwa ikicheza kriketi na Australia katika Kombe la Dunia la mchezo huo. Mpira uliopigwa na David Warner ulipaa hewani, ukamshukia Asif Ali wa Pakistan, nao ukamponyoka mikononi. Kamera ikamnasa mshabiki mmoja wa Pakistan: mikono kiunoni, midomo ameibana, macho yamejaa masikitiko ya mwalimu anayerudisha karatasi za mtihani. Warner aliendelea hadi kufikisha mikimbio 107, na Pakistan ikashindwa kwa mikimbio 41. Matokeo hayo wachache wanayakumbuka, lakini uso ule hutumiwa hadi leo na watu ambao hawajapata kuona kriketi hata siku moja. Mwaka 2021 picha hiyo iliwekwa katika maonyesho ya mimu huko Hong Kong, na mwenyewe alilipokea jambo hilo kwa uchangamfu.

Visa hivi viwili vina jambo moja la kufanana. Nyuso hizo zilinaswa bila wenyewe kukusudia, na zilisema jambo ambalo binadamu yeyote hulielewa bila mkalimani. Huzuni haihitaji kamusi. Picha ya mshabiki wa Pakistan ikihamishwa kutoka kriketi hadi kwenye wali ulioungua, hasara ni ndogo, kwa kuwa sikitiko limebaki kuwa sikitiko.

Mshabiki wa Kongo ni kisa cha namna nyingine kabisa.

Lumumba wa jukwaani

Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa nchini Morocco kuanzia tarehe 21 Desemba 2025 hadi 18 Januari 2026. Sisi huku Uganda macho yetu yalikuwa kwa vijana wetu, waliotoka sare ya 1–1 na Tanzania tarehe 27 Desemba. Lakini kila Kongo ilipocheza, kamera zilimrudia mtu mmoja jukwaani. Wenzake walipiga ngoma, wakaimba na kucheza. Yeye alisimama juu ya kijukwaa kidogo, amevaa suti yenye rangi za bendera ya nchi yake, mkono wa kulia juu, bila kutikisika tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kongo ilipoifunga Benin 1–0 alisimama. Ilipotoka sare ya 1–1 na Senegal alisimama. Ilipoifunga Botswana 3–0 alisimama vilevile. Watu wakamwita kwa jina lake la ushabiki, Lumumba Vea.

Mtu huyu hakunaswa na kamera kwa bahati. Alikuwa ameazima mwili wake kwa sanamu. Katika eneo la Limete mjini Kinshasa ipo sanamu ya Patrice Lumumba iliyoinua mkono wa kulia, nayo ndiyo aliyoiigiza kwa suti, kwa miwani, hata kwa mstari wa nywele.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, Kasai. Kwa hiyo mwaka wa mashindano hayo ulitimiza miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Alifanya kazi ya ukarani wa posta mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, mji ambao Kiswahili ni miongoni mwa lugha za sokoni mwake. Mwaka 1958 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha Mouvement National Congolais, na Desemba mwaka huohuo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika mjini Accra. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, naye akiwa Waziri Mkuu wa kwanza. Siku hiyo alisimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akatoa hotuba isiyokuwamo katika ratiba, akayataja waziwazi madhila ya ukoloni. Septemba aliondolewa madarakani. Desemba alikamatwa akiwa njiani kuelekea Stanleyville. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa huko Katanga pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, huku maafisa wa Kibelgiji wakiwapo.

Waliomwua hawakumpa hata kaburi. Mwili wake ulifukuliwa, ukakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali ili pasibaki mahali pa watu kukusanyika na kumlilia. Polisi mmoja wa Kibelgiji alichukua jino lake akalihifadhi. Jino hilo ndilo lililokabidhiwa kwa watoto wa marehemu mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huo. Kwa zaidi ya miaka 61 mtu huyu hakuwa na kaburi.

Hebu sasa, ndugu msomaji, mtazame tena mshabiki yule. Waliomwua Lumumba walikusudia asibaki na mwili. Miaka 65 baadaye Mkongo mmoja, bila bunduki wala cheo, anautoa mwili wake kwa muda wa mchezo mzima ili Lumumba aonekane amesimama. Kusimama dakika 90 mkono ukiwa juu si mchezo. Mwenye shaka na ajaribu dakika tano. Hayo ndiyo tuliyoyaandikia "Nasubiri mshahara."

Siku ya tarehe 6 Januari

Tarehe 6 Januari 2026, mjini Rabat, Kongo ilikutana na Algeria katika hatua ya 16 bora. Dakika 90 ziliisha bila bao, zikaingia dakika za nyongeza, na mshabiki wetu bado amesimama. Dakika ya 119 Adil Boulbina aliifungia Algeria bao la pekee. Picha za Lumumba Vea akilia zilienea usiku uleule. Mchezo ulipokwisha, mchezaji wa Algeria, Mohamed Amoura, aliinua mkono kama sanamu ile, akasimama kidogo, kisha akajiangusha chini kwa mzaha. Naye pia akanaswa, akasambazwa kote.

Waafrika wengi waliudhika. Amoura hakukaidi. Aliomba radhi, akaeleza kwamba hakuijua maana ya ishara ile na kwamba alitaka kutania tu.

Mimi namsadiki, na ndiyo maana kisa hiki kinanisikitisha zaidi. Kijana huyo atoka katika nchi ambayo ingepasa kumjua Lumumba kama inavyojua jamaa wa nyumbani. Aprili mwaka 1958, Algeria ikiwa bado inapigania uhuru wake, wachezaji wa Kialgeria waliokuwa wakicheza katika klabu za Ufaransa, miongoni mwao Rachid Mekhloufi na Mustapha Zitouni, walitoroka kwa siri wakaunda timu ya chama cha ukombozi, FLN. Timu hiyo ilizunguka nchi mbalimbali ikilitangaza taifa ambalo bado halijazaliwa. Na katika mkutano wa Accra wa mwaka huohuo, miongoni mwa wajumbe waliosema kwa niaba ya Waalgeria alikuwamo Frantz Fanon. Huko ndiko alikokutana na Lumumba. Mchezaji wa Algeria na mshabiki wa Kongo walikuwa, bila mmoja wao kujua, watoto wa historia moja. Wangekuwa watani. Mzaha ukaja kabla ya kujuana.

Utani na mipaka yake

Neno hilo, utani, ndilo ninalotaka tulitulie sisi walimu wa lugha. Kiswahili kina ngazi za maneno katika jambo la kuchekeshana. Mzaha ni maneno yasiyokusudia uzito, na huenda yasiwe na mlengwa. Utani una mlengwa, lakini mlengwa huyo ni mtu wako. Kijembe humlenga mtu kwa mafumbo. Kejeli na dhihaka hukusudia kumshusha. Mwanafunzi wetu akiyachanganya maneno haya katika insha tunamkosoa kwa wino mwekundu. Lakini katika simu zetu tumeyakoroga yote katika chungu kimoja.

Utani wa jadi haukuwa kucheka ovyo. Nchini Tanzania makabila mengi yalitaniana, na mara nyingi utani ulianzia mahali palipokuwa na damu. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika njia za misafara ya kwenda pwani, nao wakataniana. Mtani aliweza kukuita mtumwa wake, akachukua kuku wako mbele ya macho yako, nawe hukukasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyekuja msibani kwako, akashughulika na mazishi, akawachekesha wafiwa machozi yakiwa bado mashavuni. Haki ya kukucheka ilitokana na wajibu wa kukuzika. Hata leo Simba na Yanga, zilizoanzishwa miaka ya 1930 mjini Dar es Salaam, huitwa watani wa jadi.

Tukiutazama vizuri, utani ule ulisimama juu ya mafiga matatu: kujuana, mpaka na fidia. Uliyemtania ulimjua yeye na wazee wake. Ulijua pa kukomea. Na ukivuka mpaka, ulikuwapo utaratibu wa kutengeneza. Mimu imechukua kicheko cha utani ikayaacha mafiga yote matatu. Anayeitengeneza hamjui anayemcheka. Haina pa kukomea, maana kila anayeipokea huipeleka mbele. Na ikimwumiza mtu, hajulikani wa kuomba radhi. Ndiyo sababu naiona radhi ya Amoura kuwa jambo jema. Alitafuta, kwa kuchelewa, figa la tatu.

Wapo watakaoniambia kwamba bila mizaha hiyo mshabiki yule asingejulikana, na kwamba wengi walilisikia jina la Lumumba mara ya kwanza kwa sababu ya stika. Hilo ni kweli, nami sitaki kulibisha. Binti yangu ni mmoja wao. Lakini stika ilimletea swali tu. Jibu halikuwamo ndani yake. Kama asingeuliza, au kama ningemjibu "Ni mchekeshaji tu, nenda kalale," Lumumba angebaki kwake kuwa mtu anayesimamisha teksi.

Kazi iliyobaki

Jioni ile nilimsimulia binti yangu habari ya Onalua, ya posta ya Stanleyville, ya hotuba na ya jino. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na wewe Baba, uliwapelekea watu wangapi?" Nikamwambia watatu. Akasema, "Basi waambie na wao."

Niliwaandikia wote watatu, kisha nikaandika katika kikundi chetu aya moja fupi yenye tarehe na majina. Mwenzangu mmoja alijibu kwa haraka, "Mwalimu, hata likizo unafundisha?" Tulicheka tena. Kesho yake asubuhi mwenzangu huyohuyo alinipigia simu akaomba nimtajie tena tarehe zile, kwa kuwa na yeye kuna mtoto aliyemwuliza.

Tangu shule zilipofunguliwa nimelifanya jambo hili kuwa zoezi la darasa, nami nalipendekeza kwa walimu wenzangu. Kila kundi la wanafunzi huchagua picha moja ya mzaha inayozunguka, kisha huandika habari yake kwa Kiswahili sanifu: ni nani huyu, ni wapi, ni lini, alikuwa akifanya nini, na nani ameyaandika maneno yaliyo chini yake. Mwisho hujadiliana kama huo ni mzaha, utani au dhihaka, na kila mmoja hutetea neno alilolichagua. Katika zoezi hilo nimepata insha bora kuliko nilizokuwa nikizipata kwa kichwa cha "Siku Nisiyoisahau."

Wahenga walisema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Walisema pia, "Asiyejua maana haambiwi maana." Hii ya kwanza naikubali. Ya pili ina wakati wake katika mabaraza ya wazee, lakini sisi walimu haitufai kitu; kama asiyejua maana haambiwi maana, basi shule na zifungwe. Mshabiki yule alisimama dakika 120 bila kusema neno. Waliobaki kusema ni sisi.